Mgombea huru wa wadi si mwotaji

Uchaguzi ukikaribia Kenya, mtu anayetaka kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, kwa mara ya kwanza hupewa ushauri uleule na karibu kila anayemsalimia: tafuta tiketi ya chama kinachovuma. Pwani, kwa miaka mingi, maana yake imekuwa ODM. Mlima Kenya mwaka 2022 ilikuwa UDA. Akijibu kwamba atasimama huru, bila chama, wenzake huangaliana. Ataambiwa anakwenda kugawanya kura, au kwamba kuna tajiri amemtuma. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, na vikao vya maskani vimeshaanza kutaja majina, kwa hiyo tuyapime haya mapema.

Ushauri huo haukutoka hewani. Mpiga kura Mkenya hupewa karatasi sita siku moja, kuanzia ya rais hadi ya mwakilishi wadi. Wanasiasa wakubwa humwomba avae suti kamili, yaani karatasi zote sita apigie chama kimoja. Wimbi likiwa kali, watu hawaangalii ni nani aliye kwenye karatasi ya mwisho, wanatafuta alama tu. Mgombea huru lazima amshawishi mtu avue kipande kimoja cha ile suti, na kazi hiyo huifanya nyumba kwa nyumba, bila helikopta ya mgombea urais kumtua uwanjani na kumwinua mkono.

Halafu kuna Meru. Kawira Mwangaza alishinda ugavana 2022 bila chama, akawabwaga wanasiasa wazito. Bunge la Kaunti likapitisha hoja za kumng'oa mara tatu. Mbili Seneti ikazikataa, ya tatu ikaikubali Agosti 2024, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikaunga mkono uamuzi huo. Wanaopinga wagombea huru hulitaja jina lake kabla hujamaliza sentensi. Ila gavana na MCA hawako mahali pamoja. Gavana hawezi kupitisha hata bajeti bila bunge, kwa hiyo asiye na watu wake mle ndani yuko uchi. MCA ni kura moja katika ukumbi wa watu wengi, na hakuna atakayepoteza usiku akipanga kumwondoa. Hasara yake ni nyingine: nafasi za kamati hugawanywa kupitia viongozi wa vyama, na barabara ya wadi yake inaweza kusubiri sana gavana akiona hana sababu ya kumbembeleza.

Hapo ndipo wengi hufunga mjadala. Mimi naona hesabu yenyewe haijaanza.

Mwaka 2021 shirika la Uingereza la Westminster Foundation for Democracy na wenzao wa Uholanzi walitoa utafiti kuhusu gharama za siasa Kenya. Wastani wa gharama za mgombea wa kiti cha MCA ulikuwa takriban Sh3.1 milioni. Tuikalie takwimu hii kidogo. Mwaka 2022 waliosajiliwa kupiga kura walikuwa milioni 22.1, na wadi ziko 1,450, yaani kama watu 15,000 kwa wadi. Hiyo ni Sh200 kwa kila jina lililo kwenye daftari, awe amepiga kura au amelala. Lakini wadi zilipata wastani wa wagombea wanane au tisa, na kura zikigawanyika hivyo mtu anaweza kupita kwa 3,000. Kwake kila kura imekula zaidi ya Sh1,000. Mshahara wa MCA haufiki laki mbili kwa mwezi kabla ya marupurupu. Hata asipokula wala kulipa karo, ana zaidi ya mwaka mzima wa kurudisha deni. Na huyo ndiye aliyeshinda. Wale saba au wanane wengine wanarudi nyumbani na madeni ya mabango.

Sasa jiulize pesa hizi zinakwenda wapi. Ada ya tume ya uchaguzi yenyewe ni ndogo: Sh5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mlima uko kwenye mchujo, yaani kura ya ndani ya chama ya kuchagua mgombea wake. Anayetafuta tiketi ya chama kinachovuma anafanya uchaguzi mara mbili, na ule wa kwanza mara nyingi ndio mkali zaidi, maana mwenye tiketi katika ngome anahesabiwa kuwa ameshaapishwa. Analipa ada ya chama, anasafirisha watu, anawapa mafuta vijana wa boda, anakesha kituoni. Kisha asubuhi anasikia cheti amepewa mwingine kwa makubaliano yaliyofanyika Nairobi. Mgeni asiye na simu ya mtu yeyote makao makuu ana dawa gani hapo? Ataenda kwenye jopo la rufaa la chama, na wakili naye anataka chake.

Mgombea huru anapigana mara moja. Katiba inamtaka aungwe mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi ile, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Watu huona hizo saini kama adhabu. Mimi naona ni kampeni ambayo sheria imemlazimisha aifanye mapema. Keti na daftari kwenye stendi ya boda au kwenye mkutano wa kikundi cha kina mama, omba mtu aandike jina na namba ya kitambulisho, na utajua papo hapo umesimama wapi. Mama mmoja atatoa kitambulisho kwenye kibeti bila kuuliza. Jirani yake atakishika mkononi muda mrefu, akuulize kile kisima kilichimbwa mwaka gani na nani, kisha akirudishe mfukoni. Huyo wa pili amekufundisha kuliko mkutano wa hadhara.

Sharti la miezi mitatu lina mtego wake. Mwaka 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye mtandao wa serikali wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvigusa. Kwa mtu wa kawaida hilo lilikuwa la kukera. Kwa anayetaka kusimama huru linaweza kumtoa mbioni. Aangalie jina lake sasa, ajiuzulu kwa maandishi kama limo, na atunze nakala. Mwisho ni Mei 2027, na siku hazimsubiri mtu.

Nakiri wagombea huru wamejichafulia jina wenyewe. Wengi wao walibwagwa mchujoni Aprili 2022, wakahama chama kabla ya tarehe ya mwisho ya Mei, wakajiita huru huku wakivaa rangi zilezile na kumpigia debe kinara yuleyule. Mpiga kura hana kosa akiwashuku. Mgeni anayesimama huru tangu siku ya kwanza anabebeshwa dhambi hiyo bure, na kazi ya kujitofautisha ni yake.

Yuko pia mgeni ambaye chama kinamfaa: aliyefanya kazi ya tawi miaka mingi, anayejulikana na maafisa wa kaunti, na ambaye ngome yake haina MCA wa sasa anayelindwa. Huyo asihame kwa ushujaa.

Kwa wengine waliobaki, kipimo changu ni mawakala. Mwaka 2022 vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya 46,000, wastani wa kama 32 kwa wadi. Kila kituo kinahitaji mtu wako, wa kufika kabla ya alfajiri, kukaa mpaka kura zihesabiwe usiku, na kuondoka na nakala ya fomu ya matokeo. Hata kwa Sh1,500 kila mmoja, ni Sh48,000, pesa ambayo harambee ya ukoo inaweza kuitoa. Kazi ni kuwapata 32 ambao mpinzani hatawanunua saa nne usiku. Mwenye majina hayo kichwani bila kufungua simu hahitaji baraka za Nairobi. Mwenye majina kumi na mawili, tena nusu yao ni shemeji zake, aende kwenye mchujo tu.