Kigeu Kilichokosa I Moja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulalamika. Nilisema mbele ya timu nzima kwamba programu yetu ya kusimamia vifurushi haina hata ukurasa mmoja unaoeleza mipangilio ya ujenzi, kwamba kila anayeuliza anaambiwa "soma msimbo", na kwamba huo ni uonevu. Kiongozi wa timu alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Umeona mbali, kaka. Basi andika wewe."

Kwa asiyeijua kazi hii: programu ya namna hiyo huchukua msimbo, yaani maandishi ya programu, huupitisha kwenye kompaila inayougeuza kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha, hufunga matokeo yake kuwa kifurushi, kisha hukisimika mahali pake. Njiani huchungulia vigeu vya mazingira, yaani majina yenye thamani ambayo terminali huyarithisha kwa programu zinazoanzishwa ndani yake. CC hutaja kompaila ya kutumia, CFLAGS hubeba maelekezo ya kuipa kompaila hiyo, DESTDIR huonyesha pa kuweka mafaili kwa muda kabla ya kuyafunga. Hivyo vinajulikana dunia nzima. Vyetu vya ndani vilikuwa 31, na mwanzilishi wa programu alikuwa amevipa majina ya Kiswahili, jambo lililonifurahisha sana hadi nilipofika cha 19.

RUKA_MAJARIBO.

Majaribo! Mimi ndiye yule anayesahihisha tahajia hata kwenye ujumbe wa rambirambi. Nikairudishia I yake kwa heshima zote: RUKA_MAJARIBIO. Niliirudishia kwenye ukurasa tu, lakini. Msimbo sikuugusa, maana nilitumwa kuandika, sikutumwa kufanya ufundi.

Kisha nikaeleza thamani za kigeu hicho cha kuruka majaribio, yaani ukaguzi wa kuona kama msimbo unafanya kazi: "Weka ndiyo ili kuruka majaribio, hapana ili yaendeshwe." Hiyo hapana sikuikuta popote. Niliitoa kichwani kwa sababu penye ndiyo ni lazima pawe na hapana, ndivyo tulivyolelewa. Nikajaribu. Nikaandika RUKA_MAJARIBIO=ndiyo mbele ya amri, nikabonyeza Enter, na majaribio yakarukwa kama nilivyoandika. Nikajipongeza. Kwenye mfano wa MAHALI, kigeu kinachosema kifurushi kisimikwe wapi, nikaongeza na alama za mtajo moja-moja kwa ajili ya urembo: MAHALI='$HOME/vifurushi', ambapo $HOME ni kigeu kinachotaja folda binafsi ya mtumiaji. Mwishoni nikabandika mfano wa mipangilio kamili, mistari kumi ya mwisho ya .bashrc yangu, faili la mipangilio ambalo terminali hulisoma inapofunguliwa, maana mfano mzuri ni ule unaofanya kazi kweli.

Siku ya pili dada mmoja wa timu ya majaribio akaniandikia: "Kaka, nimeweka ndiyo, majaribio bado yanaendelea. Hii dakika ya arobaini."

Nikamjibu kwa upole wa mtu anayejua. Nikamwambia huenda ameacha nafasi kabla ya alama ya sawasawa, kwa hiyo terminali inadhani RUKA_MAJARIBIO ni jina la amri. Hakuacha. Nikamwambia huenda amesahau export, amri ya kukirithisha kigeu, ndiyo maana kigeu kimebaki kwenye terminali bila kurithiwa. Hakusahau. Basi kama anatumia sudo, amri ya kuendesha kitu kwa mamlaka ya msimamizi, ajue kwamba sudo kwa kawaida hufuta vigeu vingi kabla ya kuendesha amri. Hatumii sudo. Hapo nikaingia historia kabisa, nikamweleza kuwa vigeu vya mazingira viliingia kwenye mfumo wa uendeshaji wa Unix, toleo la 7, mwaka 1979, na kwamba programu hupokea nakala tu ya mazingira ya mzazi wake, yaani programu iliyoianzisha, haiwezi kumbadilishia mzazi chochote. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Hakuna hata moja lililomsaidia.

"Sawa, mwalimu," akaandika. "Tuma orodha yako ya env, yaani vigeu vyako vyote, hapa kwenye kundi, na mimi nitume yangu, tulinganishe."

Nikatuma bila kuisoma. Mtu anayejiamini hasomi.

Yeye ndiye aliyesoma. Kwenye orodha yangu kulikuwa na mstari RUKA_MAJARIBO=ndiyo, bila ile I, ambao nilikuwa nimeuweka juu kabisa ya .bashrc miaka miwili iliyopita, enzi nina haraka, nikausahau. Huo ndio uliokuwa ukiruka majaribio yangu siku zote. Kile kigeu changu chenye tahajia safi hakikuwa kinafanya lolote. Programu haikuwahi kukiuliza jina. Na huo ndio ubaya wa vigeu vya mazingira: ukikosea herufi hakuna anayepiga kelele. Amri ukiikosea, terminali inakusuta papo hapo. Kigeu ukikikosea kinapokelewa vizuri, kinakaribishwa, kinakaa, na hakuna anayekisemesha.

Nikapendekeza basi tusahihishe msimbo. Kiongozi akakataa, kwa sababu hati za amri za watu wengi zimeshazoea jina bovu, na akanikumbusha kuwa hata kichwa kiitwacho Referer cha HTTP, itifaki ya kurasa za wavuti, kilikosa R moja, kikaingia hivyo hivyo kwenye waraka wa itifaki hiyo, RFC 1945 ya mwaka 1996, na dunia nzima bado inakiandika kwa kosa hilo. Nikarudi kwenye ukurasa, nikaiondoa ile I kwa mkono wangu mwenyewe. Sijawahi kuandika neno kwa uchungu vile.

Nilidhani yameisha. Kumbe jamaa anayetunza seva ya kutolea matoleo ni mtu anayefuata maandishi neno kwa neno, sifa ambayo nilikuwa nikiisifia. Akasoma ukurasa wangu mpya na, kwa usalama, akaweka kwenye seva RUKA_MAJARIBO=hapana.

Msimbo wenyewe, ambao sasa ndio niliusoma, ulikuwa hauulizi kama ni ndiyo. Ulikuwa unauliza tu kama kigeu kina kitu ndani. Hapana ni kitu. Hata 0 ni kitu. Seva iliambiwa hapana kwa herufi kubwa na ndogo, nayo ikaelewa ndiyo.

Na kwa kuwa alikuwa amenakili pia ule mfano wangu wenye urembo, MAHALI ikabaki na maneno $HOME/vifurushi kama yalivyo, kwa sababu ndani ya alama za mtajo moja-moja terminali haifasiri chochote. Tulikuwa na jaribio la kukamata hilo hasa, linalokataa njia ya folda isiyoanza na mkwaju (/). Lilikuwa limerukwa. Seva ikatengeneza kwa utii folda inayoitwa, kwa jina lake kamili, $HOME, ikaweka vifurushi humo.

Nikasema tulieni, kosa ni langu, nafuta mwenyewe. Nikaingia kwenye seva, nikaandika rm -r $HOME, amri ya kufuta folda na vyote vilivyomo, kidole kikawa juu ya Enter.

"Kaka," akasema yule dada, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe, taratibu kama anayeongea na mtu aliye juu ya paa, "bila alama za mtajo, hiyo ni $HOME ipi?"

Nilikiondoa kidole kama kwenye jiko la moto. Pale ndipo alama zangu za mtajo zilipopata kazi ya maana kwa mara ya kwanza: rm -r './$HOME'. Niliisoma mara nne. Yeye akaisoma mara ya tano, ndipo nikabonyeza.

Ukurasa sasa umetulia. Ile hapana nimeifuta, nimeandika "usikiweke kabisa", na kila mfano nimeujaribu kwa env -i, amri inayoanzisha programu bila kigeu chochote cha nyumbani kwangu. Au karibu kila mfano. Wiki iliyopita kijana mgeni kwenye timu aliniuliza kwa adabu kuhusu mstari mmoja kwenye ule mfano wa mwisho, ile mistari kumi ya .bashrc yangu. Unasema NIMECHOKA=kabisa. Niliuandika usiku mmoja wa hasira, kujaribu kama kweli terminali hupokea chochote.

Akasema ameukuta kwenye seva zetu tatu, na hajaona maelezo yake popote. Alitaka kujua kama kabisa ndiyo thamani ya juu, au kuna nyingine.