Maji "yanayopotea" kwenye mfongo huenda wapi?

Kila likija suala la maji ya Kilimanjaro, neno la kwanza ni upotevu. Mifongo, ile mifereji ya udongo ambayo Wazungu wa karne ya 19 waliikuta tayari ikitiririka kutoka makorongoni hadi vihambani, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, inavuja mno. Basi isakafiwe, au yalazwe mabomba. Anayetaka ibaki mikononi mwa wenyewe na ifukuliwe kwa majembe yao huonekana mtu wa mambo ya babu.

Hoja ya mabomba si ya kubeza. Bonde la Pangani, yanakoshukia maji haya, lina wadai wengi: wakulima wa mpunga na miwa huko chini, na mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani, yenye uwezo wa megawati 97 kwa jumla. Maji ya bomba hayakanyagwi na ng'ombe. Na mfongo wa jadi haukuwa paradiso: mwanamke alibeba ndoo, ila kwenye kikao cha kupanga zamu hakuwa na kauli.

Lakini hilo neno upotevu linanikera. Yanapotea kwenda wapi? Mengi yanayonywewa na kingo yanaishia kwenye mizizi ya migomba, kahawa na miringaringa. Mengine huzama na kuibuka chemchemi bondeni. Kihamba cha Shimbwe Juu, kilichotambuliwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, ni mfumo wa aina hiyo hiyo. Mpimaji hupima maji mfongo unapoanza, akapima tena unapoishia, tofauti akaiandika hasara. Anayechota chemchemini hakuulizwa.

Halafu kuna banio, kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji kwenye mfongo. La jadi ni mawe, matawi, magogo ya migomba na mabonge ya udongo wenye nyasi. Linavuja, na mafuriko yakija linakwenda na maji. Mhandisi anaona udhaifu. Mimi naona mgawo. Banio linalovuja haliwezi kuumaliza mto: wakati wa kiangazi, yale yanayopenya kati ya mawe ndiyo fungu la walio chini. Jenga la zege, tia geti la chuma, na wa juu anaweza kuukausha mto kwa kuzungusha usukani. Tena likisombwa, watu hulazimika kupanda siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, jembe begani. Huko ndiko zamu zinakopangwa upya, mwizi wa maji ya usiku anasemwa mbele ya wenzake, na asiyetokea anatozwa faini. Banio lisilobomoka halina siku hiyo.

Kinachonitia wasiwasi ni mikono. Vijana wako mjini, na msaragambo wa wazee sita hauwezi kufukua mfongo uliofukiwa na maporomoko. Hapo nakubali saruji, kwenye vipande vya korongoni vinavyobomoka kila masika, si mfongo mzima. Sheria ya maji ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji, na inazipa nafasi jumuiya za watumia maji. Jumuiya ikifuata mkondo wa mfongo badala ya mpaka wa kijiji, wa juu na wa mwisho watakaa kikao kimoja. Na safari hii mwenye ndoo awemo.