Hili "run" limeniharibia kanzu

Juzi nimenunua shati jekundu, jipya kabisa. Lebo ya ndani imeandikwa kwa Kiingereza kwamba rangi yake inaweza ku-"run". Nikacheka: ikimbilie wapi? Nikalitumbukiza kwenye beseni pamoja na kanzu yangu nyeupe. Ijumaa imefika, nina kanzu ya waridi. Kumbe maana yake inachuja!

Shuleni tuliambiwa ni kukimbia, basi. Huku nje makamasi ya mtoto yana-run, bomba lina-run, mgombea urais Marekani ana-run, duka lina-run na mwenye duka ndiye anayeli-run. Ukilibandika "into", ndiyo balaa zaidi: kukutana na rafiki sokoni na kugonga mti kwa gari, maneno ni yaleyale! Wahariri wa kamusi ya Oxford walipolichambua kama kitenzi, walifikisha maana 645. Mia sita arobaini na tano, jamani.

Najua mtanitajia "piga" letu: pasi, simu, picha, mswaki, deki, soga. Sawa, nimekubali. Ila "piga" haijawahi kunipaka rangi kanzu.