Janet Reno si Waco peke yake

Likitajwa jina la Janet Reno, wengi hukumbuka moto wa mwaka 1993 huko Waco, Texas, ulioua wafuasi wa dhehebu la Branch Davidian waliokuwa wamezingirwa na serikali, na askari wenye bunduki waliomchukua mtoto Mkuba Elián González kwa ndugu zake wa Miami mwaka 2000. Yote mawili ni mazito. Lakini kabla ya kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, wa kwanza mwanamke, Reno alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Kaunti ya Dade, Miami, kuanzia 1978. Kazi aliyoifanya huko haipewi uzito wake.

Mwaka 1989, Miami ikiwa imelemewa na kokeini, ofisi yake ilishirikiana na majaji kuanzisha mahakama ya dawa za kulevya, ya kwanza nchini humo. Aliyekamatwa na dawa za matumizi yake mwenyewe, asiye na historia ya ukatili, aliweza kuchagua tiba badala ya kesi. Programu ilichukua takriban mwaka mmoja: kuondoa sumu mwilini, kisha ushauri nasaha, na mwishoni masomo au maandalizi ya kazi. Mkojo ulipimwa mara kwa mara, na majibu yalifika mezani kwa jaji, ambaye alizungumza na mshtakiwa ana kwa ana. Aliyerudia dawa hakufukuzwa papo hapo, kwa kuwa uraibu hauishi kwa amri ya mahakama. Angeweza kulazwa mahabusu siku chache, kisha akaendelea na tiba. Aliyemaliza alifutiwa mashtaka.

Utaratibu huo haukuwezekana bila mwendesha mashtaka kukubali, kwa sababu yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuendelea na shauri au kuliacha. Reno aliachia hukumu ambazo angezipata kwa urahisi, tena akiwa anashika wadhifa wa kupigiwa kura, katika mji uliokuwa ukidai watu wafungwe. Alipofika Washington, sheria ya jinai ya 1994 ilitenga fedha za mahakama za aina hiyo, na leo zipo zaidi ya 3,000. Wakosoaji wanasema huchukua washtakiwa wepesi na kuwaacha wenye uraibu mzito. Hoja hiyo ina ukweli, ila inahusu namna ya kuchuja washtakiwa na haigusi wazo lenyewe.

Doa lake kubwa la Miami naliona kwenye kesi za udhalilishaji wa watoto kingono zilizoendeshwa na ofisi yake. Watoto wadogo walihojiwa tena na tena kwa maswali yenye majibu ndani yake, na ushahidi ukachafuka. Askari polisi mmoja alitiwa hatiani mwaka 1986. Mahakama ya rufani ya shirikisho ilibatilisha hukumu hiyo mwaka 1998, baada ya miaka mingi gerezani. Nia ya kuwalinda watoto haimrudishii mtu miaka hiyo.

Kuhusu Waco, tarehe zina maana. Uvamizi wa kwanza, wa Februari 28, ulifanywa na ATF, idara ya kudhibiti pombe, tumbaku na silaha, iliyokuwa chini ya Wizara ya Fedha. Reno aliapishwa Machi 12, kwa hiyo alirithi mzingiro uliokwisha kuua maafisa wanne. Aprili 19 gesi ya machozi aliyoiidhinisha ilitumika, moto ukazuka, na watu zaidi ya 70 wakafa, wakiwemo watoto. Uamuzi ule ulikuwa mbaya: gesi ndani ya jengo lenye watoto ilihitaji subira zaidi. Hata hivyo, siku ileile alijitokeza hadharani akasema dhamana ni yake, ilhali angeweza kuisukumia FBI, shirika la upelelezi lililosimamia mzingiro. Mwaka 1999, ilipobainika kuwa FBI ilifyatua makombora ya gesi yanayoweza kuwasha moto, alimteua John Danforth, seneta wa zamani wa Republican, kuchunguza. Danforth alihitimisha kuwa maafisa wa serikali hawakuwasha moto ule.

Wanaomwita kibaraka wa Rais Clinton hutaja tuhuma kuhusu fedha za kampeni ya urais ya 1996, ambapo alikataa kuomba mchunguzi huru ingawa mkurugenzi wa FBI, Louis Freeh, alimshauri aombe. Uamuzi huo unabishaniwa kwa haki. Lakini Januari 1998 Reno huyohuyo aliomba mchunguzi huru Kenneth Starr aongezewe mamlaka ya kuchunguza suala la Monica Lewinsky, mwanagenzi wa zamani wa Ikulu aliyekuwa na uhusiano wa kimapenzi na Clinton, na uchunguzi huo ndio uliomfikisha Clinton kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi. Aliyekusudia kumkinga rais asingeanza na ombi hilo.