Madigadi Mbili na Magunia Matatu ya Mchanga

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: madigadi mbili za pikipiki kuukuu na ringi ya nyuma. Toa kutu, piga praima, yaani rangi ya chini, paka rangi, kwisha. Msasa ungeimaliza kwa siku mbili, ila mimi na kusugua hatujawahi kuelewana, nikaamua kupiga mchanga, yaani kuurusha kwa upepo wenye nguvu ung'oe kutu. Tangu Benjamin Tilghman apewe hataza ya kurusha mchanga huko Marekani mwaka 1870, kanuni ni ileile: upepo ndio fundi, mchanga ni kibarua. Mimi nilikusanya vibarua magunia matatu, fundi sikumtafuta.

Kompresa yangu, mashine ya kubana hewa, ni ya nguvu farasi 2, tangi lita 50. Nozeli, ncha ya bunduki inayorusha mchanga, ilikuwa ya milimita 3. Ungeniuliza siku hiyo ningekwambia vinaendana, maana vyote ni vidogo. Hesabu inakataa: tundu la milimita 3 kwenye presha ya PSI (pauni kwa inchi ya mraba) 80 hadi 90 linakula futi za ujazo 15 na zaidi kwa dakika, na kompresa ya saizi hiyo hutoa 5 au 6. Kwa hiyo nilipiga sekunde 20, sindano ya geji ikalala, mchanga ukaanza kudondoka miguuni kwangu. Nikangoja karibu dakika nzima mashine ikinguruma, nikapata sekunde 20 nyingine. Jirani yangu, mzee aliyechomelea vyuma maisha yake yote, aliegemea ukuta akatazama raundi nne bila neno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo ni mashine ya kujazia matairi."

Na nozeli ya kauri nayo haibaki ilivyonunuliwa. Mchanga unaokula kutu unaila na yenyewe. Ikitanuka kutoka milimita 3 hadi 4, eneo la tundu limeongezeka kwa karibu asilimia 78, na upepo uleule unatoka bila kasi ya mwanzo. Wengi huilaumu kompresa kwamba imechoka, kumbe ni nozeli imepanuka mdomo.

Raundi ya tano bunduki ikaziba. Maji. Hewa ikibanwa hupata moto, ikipoa ndani ya mpira wa kupitishia hewa unyevu wake unageuka matone, na mchanga ukikutana na matone unakuwa udongo wa kufinyangia. Kichujio cha maji nilikuwa nacho, tena kizuri, ila nilikifunga pale pale kwenye kompresa ambako hewa bado ni ya moto na maji bado ni mvuke. Yakapita bila hata kusalimia. Kichujio hukaa mwisho wa mpira, karibu na bunduki, na tangi hufunguliwa skrubu ya chini kumwaga maji kabla ya kuanza. Langu lilipofunguliwa baadaye lilitoa maji ya rangi ya chai.

Sasa kuna mbinu ya kuzibua bunduki ya kunyonya, ile inayovuta mchanga kutoka kwenye ndoo: ziba nozeli kwa kidole ukiwa umevaa glavu nene, bonyeza kidogo, upepo ukose pa kutokea urudi nyuma kupitia mpira wa mchanga na kusukuma donge. Mbinu ni sahihi. Nilichosahau ni kwamba ncha ya pili ya mpira huo iko kwenye ndoo ya mchanga, na mimi nilikuwa nimeinama juu ya ndoo kuchungulia kama donge limetoka.

Lilitoka. Likatoka na nusu ndoo. Mchanga uliingia masikioni, kwenye kola, na sehemu ambazo sitazitaja mbele ya mzee. Miwani iliokoa macho, lakini vioo vyake tangu siku hiyo ni vya dirisha la bafuni.

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka ghafla, akauliza mchanga ni wa wapi. Wa mtoni, nikasema, nimeuchekecha na kuuanika. Akanifungua kile kitambaa nilichojifunga puani akakitupa. Mchanga wa kawaida una silika, na kila punje inayopasuka kwenye chuma hutoa vumbi laini linaloingia mapafuni na kubaki humo. Kovu lake halitibiki. Uingereza ilipiga marufuku kuutumia kwa kazi hii tangu 1950. Tukahamia ganeti, punje za madini magumu, ya namba 80 (ndiyo saizi ya punje), yeye akanitolea kinyago chenye vichujio vya vumbi laini, kwa sababu kutu na rangi ya zamani navyo si vya kuvuta.

Akaniazima na kompresa yake kubwa. Fundi akapatikana, nami nikamtumia vibaya. Niliacha presha PSI 90, nikasimamisha bunduki wima juu ya madigadi, mahali pamoja, nikafurahia jinsi kutu inavyokimbia. Bati likajikunja taratibu kama jani kavu. Nilidhani ni joto, sivyo. Punje zinaponda ngozi ya bati upande mmoja, ngozi inatanuka, upande wa pili umebaki vilevile, basi bati linavimba kuelekea kwako. Bati jembamba hupigwa kwa PSI 40 hivi, bunduki imeinamishwa, mkono hautulii, na pande zote mbili zinapewa zamu.

Ringi nayo niliipiga bila kutoa beringi. Nilizifunika kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Tepu ilidumu kama pumzi tatu. Mpira mnene ungehimili, kwa kuwa punje hudunda, na boliti kuukuu ingetosha kulinda nyuzi za tundu. Beringi hizo sasa zikizungushwa zinasaga kama kinu.

Lakini madigadi ya pili ilitoka safi, kijivu laini kisichong'aa, kama chaki. Nikaipapasa kwa kiganja kitupu, kwa mapenzi. Giza likaingia, nikasema praima kesho. Chuma kilichopigwa mchanga hakina hata uzi wa kukisitiri. Hupigwa praima ndani ya saa chache, na hakiguswi bila glavu, kwani jasho ni chumvi.

Asubuhi ilikuwa na ukungu wa rangi ya machungwa kote, na katikati kiganja changu, vidole vitano, kila mstari umejichora kwa kutu iliyokolea, hata kovu la kidole gumba.

Mzee akaisogeza machoni.

"Hii usiipake rangi," akasema. "Umeshaweka sahihi."