Hela ikishatumwa kwa tapeli, hasara iwe ya nani?

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Mwenye laini ya simu Tanzania ameshapata ujumbe wa namna hii, pengine zaidi ya mara moja. Asiyedaiwa na mtu anausoma na kuufuta, kisha akisikia jirani amenaswa anasema amejitakia. Lakini matapeli hawamlengi mtu mmoja. Wanaurusha ujumbe uleule kwa namba nyingi kwa mkupuo, wakijua kwamba mwisho wa mwezi hakosekani aliyetoka kuongea na mwenye nyumba kuhusu kodi, au na fundi kuhusu hela ya madirisha. Huyo hana tamaa wala si mjinga. Ujumbe umemkuta katikati ya jambo la kweli.

Tazama pia ujanja wa hilo jina. Kabla hujaweka namba ya siri, mfumo unakuonyesha jina la mpokeaji, na kinga hiyo iliwekwa ili ujihakikishie. Tapeli anaipindua kwa kulitaja jina mapema. Likitokea lilelile kwenye simu, mtumaji anaona amethibitisha, kumbe alichothibitisha ni kwamba laini imesajiliwa kwa jina hilo. Kama mwenye jina ndiye mwenye nyumba wake, hajui bado.

Wapo wanaosema dawa ni elimu, na hasara ibaki kwa aliyetuma. Kampeni ya Sitapeliki, inayoendeshwa na serikali pamoja na kampuni za simu, imejengwa juu ya fikra hiyo ya mtumiaji kujilinda. Hoja yao ina uzito: hakuna aliyeuvunja mfumo, mwenye hela ameweka namba ya siri kwa mkono wake. Na kujikinga hakuhitaji kisomo kikubwa. Mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyonayo siku zote, si ile iliyokuandikia. Ukiambiwa hela imeingia kwako kimakosa, angalia salio kwanza, maana ujumbe unaofanana na wa muamala mtu yeyote anaweza kuuandika. Ukipigiwa kwamba mtoto ameanguka shuleni na hela ya hospitali inatakiwa sasa hivi, kata, piga shuleni. Haraka wanayokutia ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Na namba ya siri usimtajie mtu, hata akijitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni.

Kuna hasara ambazo ni vigumu kuzidai kwa kampuni ya simu. Serikali ilipoizuia DECI, mchezo wa upatu wa kupanda na kuvuna hela, mwaka 2009, watu wengi walikuwa wameshapanda hela zao wakisubiri kuvuna maradufu, na michezo ya aina hiyo imehamia mtandaoni ikiwa na programu na makundi ya WhatsApp. Anayetuma hela kwa hiari kufuata faida isiyoelezeka hayuko sawa na aliyekuwa analipa kodi ya chumba.

Hofu ya gharama nayo ni ya kweli. Fidia ikilazimishwa, kampuni zitaitafuta kwenye makato ya wateja. Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, watu wengi walirudi kwenye noti mkononi, na kufikia Septemba serikali ikalazimika kuipunguza kwa asilimia 30. Tena wapo watakaokula njama, mmoja atume, mwingine apokee, kisha walie kwamba wametapeliwa.

Pamoja na hayo, naona upande huu unamwachia mnyonge mzigo usio wake. Kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Wananchi walipanga foleni NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kwa kuelezwa kwamba mhalifu sasa atajulikana. Mbona basi ujumbe wa kitapeli unaendelea kutoka kwenye laini zilizosajiliwa? Njia mojawapo inafahamika: msajili wa barabarani anakwambia kidole hakijasoma, weka tena, na kwa kidole hicho cha pili laini nyingine inazaliwa kwa jina lako. Ndiyo maana tunahimizwa kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu. Piga, ni muhimu sana. Ila anayesajili ni wakala wa kampuni, na anayetakiwa kumkagua ni mteja. Hilo si haki.

Na mahali wanapotokea matapeli si siri kubwa. Ripoti za TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, zimekuwa zikiitaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya ulaghai. Mamlaka zikishajua kiasi hicho, kumwambia bibi wa Tandahimba awe mjanja zaidi hakutoshi.

Uingereza imekwenda mbali. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, aliyehadaiwa akatuma hela kwa tapeli kupitia benki hurudishiwa hadi pauni 85,000, na benki iliyotuma na iliyopokea hugawana gharama nusu kwa nusu, isipokuwa pale mteja alipozembea kupita kiasi. Kipengele cha benki iliyopokea ndicho kinachonivutia, kwa kuwa kinamgusa aliyemfungulia tapeli akaunti. Kuinakili sheria yote hapa sishauri. Kwetu hela inaweza kutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache, na ikishakuwa noti hairudi.

Kinachowezekana ni kuanzia pale ambapo kampuni imeshaarifiwa. TCRA ina namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli. Aliyetapeliwa wa kwanza na laini fulani huenda hana wa kumdai. Lakini atakayetuma hela kwenye laini hiyo baada ya kuripotiwa arudishiwe, na alipe aliyeiacha iendelee kupokea. Ili dai hilo lisimame, kila anayeripoti apate kumbukumbu yenye tarehe na saa, na kanuni itaje ni kwa saa ngapi laini iliyoripotiwa inaweza kubaki wazi kabla kampuni haijaanza kuwajibika.