Watarajali wa kigeni mjini Amman: wanakutana na Wajordani au wao kwa wao?

Kila kiangazi Amman hupokea wanafunzi wa vyuo kutoka nje wanaokuja kufanya utarajali. Baadhi huletwa na IAESTE, mtandao wa kubadilishana wanafunzi wa fani za ufundi na sayansi, ambao ofisi yake ya Jordan iko Chuo Kikuu cha Jordan. Wengine huja kupitia AIESEC, mtandao wa vijana unaoendeshwa na wanafunzi. Mitandao yote miwili ilianzishwa 1948, lakini haifanani. IAESTE humtaka mwajiri alipe posho ya kumtosha mwanafunzi kuishi. AIESEC, kwa nafasi zake za kujitolea za wiki sita hadi nane, humtoza mwanafunzi ada na hakuna mshahara. Ahadi ni ileile: utafanya kazi, na utajifunza utamaduni. Ubishi uko kwenye hiyo ahadi ya pili.

Tazama ratiba inavyopangwa. Wageni wanawekwa pamoja kwenye nyumba za kupanga, kunafunguliwa kundi la WhatsApp, na kwa kuwa wikiendi ya Jordan ni Ijumaa na Jumamosi, Alhamisi jioni basi linaondoka: wiki hii Petra, wiki ijayo Wadi Rum, kisha Bahari ya Chumvi, kisha Jerash. Mtarajali anamaliza wiki nane akiwa amelala jangwani na Mpolandi na Mbrazili, ana picha za kutosha, na Kiarabu chake hakijavuka “shukran” na “yalla”. Wakosoaji husema hiyo ni ziara ya kitalii iliyobandikwa cheti cha kazi.

Watetezi wana hoja, na si nyepesi. Wiki nane ni chache mno kumwacha mgeni ajitafutie. Siku ya kwanza hajui kwamba teksi ya njano huenda kwa mita na ile nyeupe, servees, hupita njia moja ikibeba abiria wa kuchangia nauli. Hajui kwamba mtu wa Amman akikuelekeza atataja mzunguko wa barabara, wa Tatu au wa Saba, si jina la mtaa. Kwa msichana aliyepangiwa kampuni ya ujenzi huko Zarqa, mji jirani, kundi ni kinga: kuna wa kurudi naye usiku, na kuna mwenyeji wa kumpigia simu mwenye nyumba anapokasirika. Naye hukasirika kweli, hasa akisikia wavulana wamepanda kwenye nyumba ya wasichana. Ukilivunja kundi bila kuweka kitu mahali pake, anayeumia kwanza ni huyo msichana.

Hata hivyo, anayetaka kuwajua Wajordani asisubiri Alhamisi. Utamaduni uko ofisini, tena saa nne asubuhi. Kwenye ofisi na karakana nyingi kazi husimama kidogo, mtu mmoja anatumwa, na meza inatandikwa gazeti au nailoni: hummus, ful, falafel, nyanya, mikate ya moto, na chai yenye majani ya maramia. Kila mtu anamega kwa mkate wake. Mtarajali aliyevaa vipokea sauti masikioni anakaribishwa mara mbili tatu, anakataa kwa adabu za kwao, na baada ya hapo anaachwa. Kosa la pili ni la anayekula kila siku bila kuchangia. Ukitoa sarafu watazikataa, kwa sababu wewe ni mgeni. Njia inayofanya kazi ni kufika na mfuko wa falafel mkononi, maana chakula kikishafika mezani hakirudishwi. Ukialikwa Ijumaa kula mansaf, wali na nyama, kwenye sinia, kula kwa mkono wa kulia, upande wako. Kahawa chungu nayo itaendelea kumiminwa mpaka utikise kikombe kuonyesha umetosheka. Mtu aliyekulia Pwani ya Afrika Mashariki atajiona nyumbani kwenye hilo sinia mapema kuliko Mjerumani.

Linalovuruga ujirani zaidi ni maji. Jordan ni kati ya nchi zenye uhaba mkubwa wa maji duniani, na nyumba nyingi za Amman hupata mgao mara moja kwa wiki, maji yakahifadhiwa kwenye matangi ya juu ya paa. Piga hesabu. Tangi la lita 2,000, watu sita, kila mmoja lita 50 kwa siku: mnafika karibu siku ya saba. Kila mmoja akitumia lita 100, yaani kuoga kwa muda mrefu na kufua kila jioni, siku ya nne tangi limekauka na mnatafuta boza kwa bei ya boza. Hapo ndipo familia ya chini hupata maoni kuhusu vijana wa kigeni. Tangi linapaswa kuonyeshwa siku ya kupokea funguo, kabla ya picha za Petra.

Kuna jambo lisilosemwa sana: mwenyeji na mgeni hawataki kitu kimoja. Mwanafunzi wa Kijordani anayejitolea kuongoza wageni anatafuta Kiingereza na marafiki wa nje, naye hupata vyote bila kuomba viza. Kwa maoni yangu yeye ndiye mfaidika mkuu wa mpango mzima, na hilo si baya. Ila kila anapozungumza Kiingereza, mgeni anakosa Kiarabu. Matokeo yake, anayeongea Kiarabu na mtarajali kila siku huwa ni haris, mlinzi wa jengo, ambaye mara nyingi ni Mmisri.

Kwa Mwafrika mweusi mizani ni nyingine. Jordan ina raia weusi, hasa bonde la Ghor, lakini mjini sura ya Kiafrika imezoeleka kama ya wafanyakazi wa majumbani kutoka Ethiopia, Uganda au Kenya, walioingia kwa kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini. Mtarajali wa kike kutoka Kampala anaweza kuulizwa “bosi wako nani?” akiwa na kitambulisho cha kampuni shingoni. Ratiba za makaribisho hulikwepa jambo hili kwa kuona aibu, zikamwachia aligundue dukani.

Na anayekuja akidhani atafundisha watoto wa Kisyria kwenye kambi ya wakimbizi ya Zaatari ajue kuwa kuingia kambini kunahitaji kibali cha serikali. Wengi huishia ofisini Amman wakitafsiri ripoti. Kazi halali, ila sivyo alivyotangaziwa.

Marekebisho hayahitaji fedha nyingi. Watu wawili au watatu kwa nyumba badala ya sita, mmoja wao awe mwanafunzi wa Kijordani. Safari mara moja kwa wiki mbili, ili Ijumaa nyingine iachwe kwa mialiko, harusi na honi za matokeo ya Tawjihi, mtihani wa kumaliza sekondari. Na kwa gharama: Jordan Pass, tiketi ya pamoja ya watalii, kuanzia dinari 70, inajumuisha kiingilio cha Petra na kufuta ada ya viza ya dinari 40 ukiinunua kabla ya kufika na ukakaa angalau usiku tatu, lakini haimwondolei kibali mwenye pasipoti inayotakiwa kuombewa viza mapema, kwa hiyo uliza ubalozi kwanza.

Kwa wanafunzi wetu wa Kenya kikwazo kikubwa kiko nyumbani. IAESTE hubadilishana nafasi kwa nafasi: mwajiri wa Kenya asipotoa nafasi kwa mgeni, ofisi ya IAESTE iliyo katika chuo kikuu cha JKUAT haina cha kubadilishana na Amman. Mkutano wa kubadilishana hufanyika Januari, hivyo kiwanda cha Thika kinachotaka kushiriki kiangazi kinachofuata kiandike nafasi yake kabla mwaka haujaisha.